Madirisha Niliyoyafunga

Kliniki ya kifua niliyotibiwa Homa Bay haina kuta. Ni banda la mabati lenye mabenchi manne, nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje, na upepo wa ziwani hupita humo asubuhi hadi jioni. Siku ya kwanza nilipoketi pale nilidhani tumetengwa kwa sababu ya aibu yetu. Wiki zilipita kabla sijaelewa kwamba upepo ule ndio uliowalinda wauguzi na watu wengine dhidi yetu. Nilipoelewa, nilikumbuka basi la chuo nililokuwa nikiliendesha, na madirisha yake.

Naandika haya kwa ajili yako wewe unayekohoa na hujamwambia mtu. Elimu yangu iliishia kidato cha nne, kisha nikashika usukani kwa miaka karibu arobaini. Mambo ya vijidudu waulize wanaoyajua. Mimi nitakueleza nilivyougua na nilivyokosea, maana kwangu hayo mawili yalitembea pamoja.

Baada ya kustaafu lori, chuo kimoja cha Migori kilinipa kazi ya kuendesha basi lao. Kazi yenyewe hasa ilikuwa kuwabeba wasichana wa mpira wa kikapu. Siku za juma nililala kwenye chumba cha kupanga karibu na chuo. Mwisho wa juma nilirudi nyumbani kwangu, nje kidogo ya Rodi Kopany. Wasichana waliniita Kwaro, yaani babu kwa Kijaluo, hata wale wasio Wajaluo. Nahodha wao alikuwa Mkuria wa upande wa Isebania. Nitamwita Boke. Si jina lake. Nimemwomba ruhusa ya kumtaja, akakubali kwa sharti nisimfanye malaika.

Basi, si malaika. Alikuwa na mdomo. Mwalimu wao alipowachelewesha mazoezini, yeye ndiye aliyesema. Nilipokosea njia kule Kericho, yeye ndiye aliyetunga wimbo, na wenzake wakauimba hadi Kisii. Lakini mpira ukiwa mkononi mwake alikuwa mtu mwingine. Kabla ya kutupa mpira wa adhabu aliudunda mara tatu, akapangusa kiganja kwenye soksi, kisha akatupa. Sikuwahi kumwona akiruka hata hatua moja ya hayo.

Mwaka huo ulikuwa wake wa mwisho chuoni. Walikuwa wakipigania nafasi katika mashindano ya kitaifa ya wanawake wa vyuo, na mashindano yenyewe yangefanyika Homa Bay. "Tutachezea kwenu, Kwaro," aliniambia. "Utaleta ukoo wote uwanjani. Na wasiolipa kiingilio walete samaki."

Mvua za masika zilipofika, nilikuwa na siku mbili tu za mapumziko kabla ya safari za ligi. Shamba lilikuwa tayari na mbegu ilikuwa ndani. Lakini kwetu mdogo hapandi kabla ya mkubwa wake, na kaka yangu Odongo alikuwa ameenda Kisegi kumtazama binti yake aliyejifungua. Nilingoja siku ya kwanza. Siku ya pili nikamwambia mke wangu, Mama Akinyi, tushike majembe.

"Kaka yako hajarudi," alisema.

"Mvua nayo haimngoji."

Tukapanda. Odongo aliporudi alikuta mahindi yangu yamechipua. Alisimama mpakani mwa mashamba yetu, akayatazama, akaenda zake bila kunisalimu.

Wiki chache baadaye nilianza kukohoa.

Kwa asiyetoka kwetu, nieleze. Anayevunja mwiko kama huo husemekana kuandamwa na chira. Hapigwi na radi. Hukonda polepole, hukohoa, hukosa hamu ya chakula, nguo humlegea, mpaka anywe manyasi, dawa ya miti shamba ya kulisafisha kosa. Sasa nitazame mimi. Nilijua kosa langu, nilijua siku niliyolitenda, na mwili ulikuwa ukifanya kila kitu wazee walichosema ungefanya. Mkanda wangu ulirudi tundu la kwanza, kisha la pili, kisha nikatoboa jingine kwa msumari. Usiku fulana ililowa kana kwamba nimenyeshewa. Sikuona haja ya hospitali. Nilipika manyasi kwa miezi mitatu, machungu kuliko shubiri, na kila nilipopata nafuu ya siku mbili nilijiambia yanafanya kazi.

Na kwa miezi hiyo mitatu niliendesha basi.

Hapa ndipo pagumu. Hewa baridi ilinichokoza kikohozi, kwa hiyo niliweka sheria: madirisha yote yafungwe. Wasichana kumi na wawili, mwalimu wao na mimi, saa tatu hadi nne kwa safari, baada ya mechi, wakiwa na jasho.

"Kwaro, fungua kidogo tu, tunaiva huku nyuma," walilia.

"Anayefungua dirisha anashuka."

"Tutashuka na wewe ubaki na viti vyako."

Boke ndiye aliyeketi kiti cha nyuma yangu, kwa sababu nahodha hukaa mbele. Nikikohoa alinigonga mgongoni taratibu kwa kiganja. Wakati mwingine alinipa maji ya chupa yake.

Mwezi wa saba nilikohoa damu kwenye sinki la chumba changu. Si nyingi, kama kifuniko cha soda. Siku hiyo imani yangu katika manyasi iliisha. Lakini hata hapo sikuingia hospitali ya Migori, iliyokuwa karibu, nisije nikaonwa na mtu wa chuo. Nilimwambia mwalimu wao, Bi Pamela, kwamba mgongo umenikamata, ule ugonjwa wa madereva, nikaomba likizo, nikapanda gari hadi Homa Bay. Nilitemea makohozi kwenye kikopo, nikaambiwa ningoje.

Kungoja ni kazi. Benchi ni lilelile, lakini linabadilika kila saa. Asubuhi unajiambia ni homa. Saa sita unahesabu mbao za paa. Saa nane unawatazama wenzako na kujiuliza ni nani kati yao atakayeitwa kwa sauti ya chini. Mimi niliitwa kwa sauti ya chini.

Sista wa kliniki, Sista Millicent, alikuwa mwanamke mfupi asiye na haraka. Aliniambia ni kifua kikuu, kwamba kinapona, kwamba nitameza dawa miezi sita bila kuruka siku. Kisha akachukua kalamu.

"Mzee, nitajie watu mnaokaa nao muda mrefu mahali palipofungwa."

"Mke wangu. Kaka yangu pia."

"Na kazi yako?"

"Mkulima."

Alinitazama mikono. Dereva wa miaka arobaini ana sugu mahali ambapo jembe haliziweki. Kisha akaandika mkulima.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema hivyo. Niliogopa kupoteza kazi, ndiyo. Niliona haya mbele ya watoto waliokuwa wakiniita babu. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hili ndilo ninalotaka ulisikie, kwa sababu huenda na wewe una lako. Nilimeza dawa za hospitali huku moyoni nikiendelea kuamini chira. Nilijiambia: ugonjwa huu niliuita mwenyewe, kwa kosa langu, kwenye shamba langu. Ni wa ukoo wetu. Hauwezi kumfuata mtu asiyehusika. Mila ambayo nilikuwa nimeidharau wakati wa kupanda, sasa niliigeuza mto wa kulalia.

Miezi miwili ya kwanza ndiyo migumu. Mkojo huwa wa rangi ya fanta, usishtuke. Dawa zinataka chakula tumboni, la sivyo zinakutapisha. Viungo viliniuma hata kufunga vifungo vya shati nikahitaji msaada. Mama Akinyi aliniamshia uji kila asubuhi, akasimama mbele yangu hadi nimeze. Yeye na Odongo walipimwa, wakaonekana wazima, wakapewa dawa za kuzuia. Mama Akinyi alizimeza zake. Hakunilaumu kwa maneno. Alihamisha tu kikombe chake kwenye rafu ya juu, na alipogundua nimeona, akakirudisha. Ilipoanza wiki ya tano nilisikia harufu ya omena, dagaa wetu wa ziwani, jikoni na nikataka kula. Yeye aligeuka haraka kuelekea jikoni ili nisimwone uso.

Mwishoni mwa mwezi wa pili kipimo cha makohozi kilionyesha ni safi. Wakati huohuo nikapata habari kwamba wasichana wamefuzu. Siku chache kabla ya mashindano, Bi Pamela na Boke walikuja kunitazama nyumbani. Walileta sukari, mkate na fulana ya timu yenye jina KWARO mgongoni.

Odongo alikuwapo. Tulikuwa tumeanza kusalimiana, basi tu. Tuliketi nje, mlangoni.

"Mgongo unaendeleaje?" aliuliza Boke.

"Unaendelea."

"Dereva waliyetuletea anafungulia madirisha yote. Nywele zetu zimekuwa kama za vichaa." Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Alikohoa akainama, mkono kifuani.

"Vumbi la Rodi," alisema.

"Wiki ya ngapi hilo vumbi?" Bi Pamela alimuuliza. "Nimemwambia apumzike, hataki. Na angalia alivyokonda."

"Mwalimu, ni mazoezi. Nikipumzika sasa nitacheza lini? Mwaka ujao niko nyumbani nauza nyanya na mama."

Nilimtazama. Mifupa ya shingo ilikuwa imejitokeza. Mkanda wa saa yake ulikuwa umetobolewa tundu jipya. Nilikijua kitobo kile.

Nilishukuru kwa fulana na sukari. Niliwasindikiza hadi barabarani, nikawapungia.

Niliporudi Odongo alikuwa bado ameketi. Kaka yangu si mtu wa maneno mengi na hakuwahi kwenda shule.

"Omera," alisema. Tangu nipande kabla yake hakuwa ameniita hivyo, yaani ndugu. "Wewe ulinitangulia mimi kupanda. Haya. Yule msichana Mkuria, yeye alimtangulia nani?"

Niliikunja ile fulana magotini.

"Chira haipandi basi," alisema. Akachukua kofia yake akaenda.

Ningependa kuandika kwamba niliinuka palepale. Sikuinuka. Nilikaa siku tatu. Siku ya kwanza nilijiambia ni vumbi kweli. Ya pili nilijiambia mashindano ni siku nne tu, acha acheze, nitasema baadaye; nikajiona mwema kwa kumwachia mtoto furaha yake. Ya tatu ilikuwa siku yangu ya kliniki, na nilipoketi bandani upepo ukanipiga usoni.

"Sista," nilisema nilipoitwa, "kuna kitu sikuandikisha."

Nilimwambia kila kitu: basi, saa nne, madirisha, kiti cha nyuma yangu. Alisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi. Mwisho akauliza kitu kimoja.

"Hao watoto wako wapi sasa hivi?"

"Hapa mjini. Mashindano yanaanza kesho."

"Nitapiga simu kwa mwalimu wao."

"Niache niwaambie mwenyewe kwanza."

"Una saa moja, baba. Mimi nakuja nyuma yako."

Timu ilikuwa imelazwa katika madarasa ya shule, magodoro yamepangwa sakafuni, viatu dirishani. Nilipoingia walishangilia. Nilikuwa nimevaa ile fulana ndani ya koti. Nilimwomba Bi Pamela awaite wote nje, uwanjani, na nikasimama mbali nao kidogo ingawa sikuwa na haja tena.

Niliwaambia. Sikutumia maneno mazuri. Nilisema nilikuwa na kifua kikuu tangu safari za kwanza, kwamba niliwafungia madirisha, kwamba hospitali iliniuliza niliwahi kukaa na nani nikawaficha.

Kisha msichana mmoja wa mwaka wa pili, mrefu, mchezaji wa chini ya kikapu, akasema kwa upole uliokata kuliko matusi: "Kwaro, kumbe mgongo ndio ulikuwa unakohoa?"

Mmoja alicheka, akaacha. Bi Pamela alikuwa ameweka mkono mdomoni. "Jaduong'," aliniambia baadaye, yaani mzee, kwa lile jina la heshima ambalo siku hiyo liliniuma, "nilikuletea mtoto mpaka mlangoni kwako. Alikohoa mbele yako. Ukaniambia asante kwa sukari."

Boke alitazama kikapu upande wa pili wa uwanja, akaenda, akaokota mpira, akaurudisha kwenye mfuko wa mipira na kuufunga.

Walipimwa wote asubuhi iliyofuata. Mechi yao ilisogezwa hadi alasiri. Wengine walionekana hawana ugonjwa, wakaandikiwa dawa za kuzuia, wakaruhusiwa kucheza. Boke yeye alikutwa na ugonjwa.

Hakucheza. Mashindano yale aliyoyangojea miaka mitatu aliyatazama kutoka nje ya wavu, chini ya anga wazi, na barakoa usoni. Mama yake alikuwa njiani kutoka Isebania. Sista aliniambia kwamba mimi si hatari tena kwa mtu na kwamba msichana hapaswi kukaa peke yake. Nilileta kiti cha plastiki nikakiweka hatua kadhaa kutoka kwake.

Tulitazama mechi mbili za kwanza. Walishinda zote. Katika nusu fainali walikuwa nyuma kwa pointi moja, sekunde zimebaki chache, na yule msichana mrefu akapewa mitupo miwili ya adhabu. Alisimama mstarini. Akageuka akatafuta wavu, akamtafuta Boke. Boke aliinua mkono, akaonyesha vidole vitatu, kisha akapangusa kiganja kwenye soksi yake. Msichana akadunda mara tatu. Mtupo wa kwanza uligonga chuma ukatoka. Wa pili pia.

Wapinzani walirukaruka. Boke alikaa huku mkono bado uko kwenye soksi.

"Boke," nilisema. "Mwanangu."

"Usiniombe msamaha leo, Kwaro. Sina nguvu ya kukusamehe wala ya kukukatalia." Alirekebisha barakoa. "Dawa nimeanza leo. Niambie zinakuwaje."

Basi nikamwambia. Nilimwambia ale kwanza, hata kama ni ndizi moja. Nilimwambia kuhusu mkojo, akasema kwa sauti ya barakoa, "Rangi ya fanta? Sasa hata chooni mnatangaza?" Nilimwambia viungo vitauma karibu wiki ya tatu, kwamba kuna asubuhi ataona hakuna maana, na kwamba asubuhi hiyo ndiyo ya kumeza kwa haraka bila kufikiri. Nilimwambia harufu ya chakula itarudi ghafla, siku asiyoitegemea. Alisikiliza kama alivyokuwa akimsikiliza mwalimu wakati wa mapumziko ya mechi. Mwisho akasema, "Niandikie hayo. Nitasahau." Nikamwandikia nyuma ya ratiba ya mashindano. Haya unayosoma yalianzia kwenye karatasi ile.

Mimi nilimaliza dawa mvua za vuli zilipokwisha, mahindi yakiwa ghalani. Boke alimaliza masika yaliyofuata. Katikati alinipigia simu mara mbili: mara moja kuniambia naongopa, maumivu yake yalianza wiki ya pili, mara nyingine kuniambia amekula ugali wa watu wawili.

Amepona. Lakini mwaka wake wa mwisho uliisha. Ukishahitimu, mashindano ya vyuo si yako tena, na hakuna dawa ya hilo. Watu huniambia nisijilaumu, kwamba huenda aliupata kwingine. Huenda. Lakini nilijua siku tatu kabla ya kusema, na kabla ya hapo niliandikisha mkulima. Hayo hayana huenda.

Masika hayo hayo Odongo alipanda kwanza. Nilisimama mpakani nikamtazama hadi alipomaliza mstari wake wa mwisho, akanyoosha mgongo, akaniambia, "Sasa na wewe, kabla hujaota mizizi."

Chuo hakikunirudisha kazini, na walifanya vizuri. Lakini mwaka huu Bi Pamela alinipigia simu. Timu ilikuwa inapita Rodi Kopany kwenda kwenye mechi ya kufuzu. Alisema ana msaidizi mpya wa mazoezi, na msaidizi huyo amesema basi lipite kumchukua mzee mmoja.

Nilingoja barabarani na fulana yangu. Basi liliposimama nilipanda, nikasimama karibu na mlango, sijui niketi wapi. Wasichana walikuwa wapya, hawakunijua. Boke aliinuka kutoka mbele. Alikuwa amenenepa. Hakunisalimu kwanza. Alitembea hadi kiti cha mwisho akaanza kufungua madirisha, moja baada ya jingine, upande huu na upande ule, mengine yalikuwa magumu akayapiga kwa kiganja, hadi upepo ukajaa basi zima na karatasi za mwalimu zikaruka.

Kisha akarudi mbele, akanionyesha kiti cha nyuma ya dereva, akaketi kando yangu.

"Funga koti, Kwaro," alisema. "Kuna baridi."